Karakana ya Kodi: Mtoto Amekufa, Mzazi Bado Amelala

Barua za mwezi huu, za Arusha na za Moshi, zimegongana mahali pamoja bila kupanga: mchakato (programu inayoendeshwa) ukishamaliza kazi, nani anaufuta, na lini? Tunaanza na ya Njiro. Ndefu, lakini imekuja na kodi (mistari ya programu) na matokeo yake, jambo tunaloliomba kila toleo na hatulipati.

Shikamooni wahariri. Najifunza mifumo endeshi kwa xv6 (mfumo mdogo wa kufundishia) ya prosesa za RISC-V, ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta. Nimeandika upya exit(), inayoumaliza mchakato, kwenye kernel/proc.c ili iwe fupi. Kwa CPUS=1, yaani kori (kiini cha prosesa) moja, kila kitu kinapita. Kwa kori 3 za kawaida, hata amri ndogo kama echo mara inamaliza vizuri, mara skrini inaganda na alama ya $ hairudi tena. Ajabu ni kwamba forktest, programu inayozaa watoto makumi, huwangoja wote na ni mara chache kuganda katikati, na nikiondoa printf niliyoiweka ya kufuatilia, tatizo karibu linapotea lote. Je, printf ndiyo mbaya? Kipande chenyewe ni hiki:

```
acquire(&wait_lock);
reparent(p);
wakeup(p->parent);
release(&wait_lock);

printf("pid %d amekufa\n", p->pid);

acquire(&p->lock);
p->xstate = status;
p->state = ZOMBIE;
sched();
panic("zombie exit");
```

Mwanafunzi, Njiro, Arusha

Marahaba. Printf haina kosa, na usiifute kwanza, maana ndiyo shahidi wako. Inaandika herufi moja moja kwenye UART (lango la serial) ikisubiri kila moja itoke, na kwa kasi ya kori huo ni muda mrefu mno. Kosa liko juu yake tu: umeachia wait_lock (kufuli linalolinda kungojana kwa mzazi na mtoto) kabla mchakato haujajiandika ZOMBIE, yaani umekufa na unangoja mzazi aufute.

Fuata mwendo wenyewe. Kori 0 inaendesha echo, ambayo imefika exit(). wakeup() inamkuta mzazi, yaani sh (shell inayopokea amri zako), amelala ndani ya wait() akingoja mtoto afe, inambadilisha kuwa RUNNABLE (tayari kupewa zamu), kisha wait_lock inaachiwa. Kori 1 haina kazi, inamdaka sh papo hapo. Sh anarudi kutoka sleep(), anachukua wait_lock, anaanza kupitia nafasi zote 64 za jedwali la michakato. Anamkuta mtoto wake. Anachukua pp->lock bila shida, kwa sababu mtoto bado yuko kwenye printf na hajashika kufuli lolote la kumzuia. Anasoma hali: RUNNING. Basi mtoto yupo na hajafa, na sh anafanya alichofundishwa, anarudi kulala. Sasa kori 0 inamaliza printf, inaandika ZOMBIE, inaingia sched(). Mwito wa kuamsha ulikwishatumika, na hakuna mwingine utakaopigwa.

Ni kama kondakta wa stendi ya Moshi anayekugusa bega, "gari limefika," wakati gari bado liko njiani. Unaamka, unachungulia, hakuna kitu, unajilaza tena kwenye benchi. Gari linafika dakika mbili baadaye na kondakta keshaondoka.

Hapo ndipo penye jibu la ajabu zako zote mbili. Forktest ina watoto makumi, na mzazi akikosa mwito wa mmoja, kifo cha mwingine kitamwamsha, atapitia jedwali upya na kumkuta yule wa kwanza. Kosa linajifunika mpaka wabaki wa mwisho. Sh ana mtoto mmoja tu. Akimkosa huyo, kesi imekwisha. Na kwa kori moja kosa halijaondoka, limekuwa adimu tu: mzazi hawezi kukimbia wakati mtoto anaendelea, isipokuwa katizo la saa liangukie kwenye mwanya huo huo, na ndani ya QEMU saa ya xv6 hukatiza takriban mara 10 kwa sekunde. Iendeshe usiku kucha, nayo itaganda.

Kabla ya kugusa kodi, thibitisha. Skrini ikiganda bonyeza Ctrl-P. xv6 itachapisha orodha ya michakato na hali zake, na kazi hiyo haichukui kufuli la mchakato wowote, makusudi, ili isikwame kwenye mashine iliyokwama. Utaona hivi:

```
1 sleep  init
2 sleep  sh
3 zombie echo
```

Mzazi sleep na mtoto wake zombie, na hali haibadiliki ukibonyeza tena: huo ni mwito uliopotea. Ukikuta mtoto anaonyesha run muda wote, hiyo ni hadithi nyingine, anazunguka akingoja kufuli. Ctrl-P isipojibu kabisa, huenda kuna kori iliyoshika kufuli na kuzima makatizo. Watu wengi huruka hatua hii wakaanza kubadilisha mistari kwa kubahatisha; sekunde mbili za Ctrl-P zinaokoa jioni nzima.

Ukitaka uhakika zaidi, anzisha make qemu-gdb, na kwenye terminali ya pili gdb-multiarch (GDB, kichunguzi cha programu). Igandishe mashine, bonyeza Ctrl-C ndani ya GDB, kisha:

```
p proc[1].chan == &proc[1]
p proc[2].state
```

proc[0] ni init (mchakato wa kwanza kabisa) na proc[1] ni sh, kama hukuongeza kitu kwenye kuwasha. Mchakato unaolala ndani ya wait() hulalia anwani yake wenyewe, kwa hiyo mstari wa kwanza ukitoa 1 ujue sh yuko ndani ya wait() na si penginepo. Wa pili utoe ZOMBIE.

Marekebisho ni ya kuhamisha mstari mmoja:

```
acquire(&wait_lock);
reparent(p);
wakeup(p->parent);

acquire(&p->lock);
p->xstate = status;
p->state = ZOMBIE;

release(&wait_lock);
sched();
panic("zombie exit");
```

Mwito bado unatangulia ZOMBIE, na hilo huwatisha wengi. Halina madhara. Mzazi akiamka mapema atagonga wait_lock na kungoja hapo. Likiachiwa, mtoto ameshika p->lock yake na amekwisha jiandika. Mpangilio wa kuchukua makufuli nao si wa hiari: wait_lock kwanza, p->lock baadaye, na wait() inafuata utaratibu huo huo.

Sasa angalia p->lock. Umeichukua na hujaiachia popote, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Unaingia nayo sched(), sched() inahama kwenda kwenye staki (eneo la kumbukumbu la kufanyia kazi) ya mpanga zamu wa kori hiyo, na mpanga zamu ndiye anayeiachia. Mpaka hapo mzazi hawezi kumgusa mtoto, kwa sababu wait() inahitaji pp->lock ili kusoma hali yake. Ukiwa na tabia ya usafi ukaiachia mwenyewe kabla ya sched(), kerneli itapaniki na "sched p->lock". Ukisahau kuachia wait_lock, utaona "sched locks", kwa sababu sched() hukubali kori iliyoshika kufuli moja tu. Jumbe hizo mbili ziandike ukutani.

Kuna dawa moja mbaya tunaiona mara kwa mara: mtu anashusha wakeup() chini ya ZOMBIE, ndani ya p->lock, baada ya wait_lock kuachiwa. Inaonekana na mantiki, kufa kwanza kisha mwito. Lakini wakeup() hupitia jedwali lote na kuchukua kufuli la kila mchakato isipokuwa lako. Michakato miwili ikifa pamoja kwenye kori mbili, wa kwanza ameshika lake anataka la pili, wa pili ameshika lake anataka la kwanza. Kori zote mbili zinazunguka milele makatizo yakiwa yamezimwa, na feni ya laptop yako itakujulisha kabla ya skrini.

Kujaribu: usitegemee bahati, panua mwanya makusudi. Weka mstari huu mara tu baada ya wakeup(p->parent), na katika kodi yako ya zamani uuweke palipo printf:

```
for(volatile int i = 0; i < 1000000; i++) ;
```

Kodi ya zamani inapaswa kuganda karibu kila amri. Mpya itakuwa nzito ila itapita. Ikiganda nayo, hujamaliza. Ondoa kitanzi, fanya make clean, kisha make CPUS=3 qemu, na ndani yake usertests exitwait, usertests twochildren, usertests reparent, usertests reparent2 na usertests forkforkfork. Hiyo exitwait ina thamani ya pekee, inakagua kwamba namba ya kutokea (ile inayopewa exit()) ya mtoto imemfikia mzazi kama ilivyotoka. Mwisho usertests nzima, na iende mara kadhaa. Kosa la aina hii kupita mara moja hakuthibitishi kitu.

Mnasema mchakato "unakuwa zombi" kama vile ni lazima. Mimi naona ni uvivu wa waliotunga. Nimeita freeproc(p), inayofuta nafasi ya mchakato kwenye jedwali, mwanzoni mwa exit(), halafu acquire(&p->lock) na sched(), hakuna zombi tena. Inafanya kazi, ila mara moja moja napata panic: zombie exit, na mzazi hapokei namba ya mtoto. Mnasemaje? Msomaji, Soweto, Moshi

La namba ni jepesi: freeproc() imefuta pid, mzazi na xstate. Wait() ikipita haimkuti mtoto yeyote wa mzazi huyo, inarudisha -1. Zombi si uchafu uliosahaulika. Ni bahasha yenye namba ya kutokea, inayongoja mwenyewe aje kuichukua. Unix iliiacha hivyo tangu zamani, na xv6, iliyoanzishwa MIT mwaka 2006 kwa kufuata toleo la 6 la Unix la 1975, imerithi.

Hiyo panic ndiyo tamu. Baada ya freeproc() nafasi yako kwenye jedwali imeandikwa UNUSED, lakini wewe bado unatembea juu ya staki yake ya kerneli, na kufuli lake hujalishika. Kori nyingine inaita fork(), inayozaa mchakato mpya, allocproc() inaiona nafasi wazi, inaichukua. Inaandika kwenye context yake (rejista zilizohifadhiwa) ra = forkret, yaani pa kuanzia, na sp kwenye kilele cha staki ile ile uliyosimama. Kisha fork() inaachia p->lock, nawe unaipata, unaingia sched(). Ndani yake swtch() inahifadhi rejista zako, na inazihifadhi wapi? Kwenye p->context, juu ya zile za mtoto mpya. Zamu ya mtoto mpya ikifika, badala ya kuanzia forkret anaibukia katikati ya sched() iliyoitwa na exit() ya marehemu, sched() inarudi, na mstari unaofuata ni panic("zombie exit"). Mtoto mchanga ameamkia kwenye jeneza la mwingine.

Ukisoma tena utaona kwa nini haitokei kila siku: inahitaji fork() ya kori nyingine iangukie kwenye mistari michache. Kwa mashine yenye kazi nyingi itaangukia.

Kanuni iliyo nyuma yake ni kwamba mchakato unaweza kujifanyia karibu kila kitu ukiondoka: kufunga faili zake zote, kuachia folda yake ya kazi kati ya begin_op() na end_op(), kukabidhi watoto wake kwa init. Ardhi aliyosimama hawezi kuiondoa mwenyewe. Lazima awepo mwingine, aliyesimama kwingine, wa kuifuta. Kwenye xv6 ni mzazi ndani ya wait(). Linux inagawa kazi hiyo: mchakato unaofuata kwenye kori hiyo ndio unaoachia staki ya aliyekufa, ndani ya finish_task_switch(), na bahasha ya namba inabaki kwa mzazi. Kama unataka kupunguza zombi, rekebisha mzazi asiyeita wait(). Exit() iache.

Tuna kompyuta ndogo ya Linux kwenye kituo cha kupokea kahawa cha chama chetu cha msingi. Programu ya C inasoma mzani kupitia waya wa serial, na kwa kila mkulima inafanya fork() ili mtoto achape risiti. Asubuhi inakwenda vizuri. Baada ya siku kadhaa za msimu fork inakataa, "Resource temporarily unavailable", na orodha ya ps imejaa defunct (zombi). kill -9 haiziondoi. Fundi wa kompyuta, Machame

kill -9 haiwezi kumuua aliyekwisha kufa. Tafuta mzazi:

```
ps -eo pid,ppid,stat,etime,comm | awk '$3 ~ /^Z/'
```

Kama safu ya pili ni namba moja kuanzia juu hadi chini, ndiyo programu yako ya mzani. Kila zombi haina kumbukumbu ya maana lakini inakalia namba ya mchakato, na inahesabika kwenye vikomo vya idadi ya michakato: ulimit -u, na TasksMax kama programu inaendeshwa na systemd (msimamizi wa huduma). Ukigonga kikomo fork() inarudisha EAGAIN, huo ujumbe ulioupata. Kupandisha kikomo ni kuahirisha tu.

Kwa leo, anzisha programu upya. Mzazi akifa, zombi zote zinahamia kwa PID 1 (init, mchakato wa kwanza), ambaye kazi yake mojawapo ni kuita wait() kwa yatima, nazo zitatoweka mara moja. Chagua wakati ambao hakuna gunia juu ya mzani.

Kisha rekebisha kodi. Weka mpokeaji wa SIGCHLD, ishara anayopata mzazi mtoto akifa:

```
void zika(int s) {
    int e = errno, hali;
    while (waitpid(-1, &hali, WNOHANG) > 0)
        if (!WIFEXITED(hali) || WEXITSTATUS(hali) != 0)
            risiti_mbovu = 1;
    errno = e;
}
```

Kitanzi cha while ni cha lazima. Watoto watatu wakifa karibu pamoja, kerneli inaweza kukuletea SIGCHLD moja tu, maana ishara ya namna hiyo haipangi foleni. Ukiweka if badala ya while, zombi zitaendelea kujaa, polepole zaidi, na utadhani umepona. risiti_mbovu iwe volatile sig_atomic_t, na usichape chochote humo ndani kwa printf. Hatuhifadhi errno (namba ya kosa la mwisho) kwa urembo pia: bila hivyo kosa la waitpid() litafunika kosa halisi la kodi iliyokatizwa.

Iandikishe kwa sigaction() yenye SA_RESTART | SA_NOCLDSTOP. Bila SA_RESTART, read() ya mzani inaweza kukatizwa na EINTR wakati mtoto anakufa, na kama hukuandaa kuirudia utakosa uzito wa mkulima aliyeko mbele yako.

Utasikia ushauri wa signal(SIGCHLD, SIG_IGN), mstari mmoja, na kweli Linux itawafuta watoto yenyewe bila kuacha zombi. Kwa kazi yako tunakataa. Namba ya kutokea inapotea pamoja nao, na hutajua kwamba kuna risiti haikuchapwa kwa karatasi kuisha. Mkulima ataondoka bila kielelezo cha kilo zake.

Ukija kuihamishia kwenye kontena, programu yako ndiyo itakuwa PID 1, na yatima wote watakuja kwake. Tumia docker run --init, inayoweka init ndogo kuwa PID 1.

Bodi yetu haiwaki: Kernel panic - not syncing: Attempted to kill init! exitcode=0x00000100. Kerneli imeharibika? Mianzini, Arusha

Haijaharibika. PID 1 imetoka, na Linux hairuhusu hilo. Baiti ya pili kutoka kulia ni namba ya kutokea, hapa 1: init yenyewe imeita exit(1), mara nyingi kwa sababu ni skripti iliyoshindwa njiani. 0x00007f00 ni 127, skripti imeita amri isiyokuwepo. 0x0000000b ni ishara ya 11, yaani init imegusa kumbukumbu isiyo yake. Kagua kama imekompailiwa kwa aina sahihi ya prosesa na kama maktaba zake zimo. Ili upate shell ya uchunguzi ongeza init=/bin/sh kwenye amri ya kuwasha.

Programu inaita exit(256) ikikosea, lakini echo $? (namba ya kutokea ya amri iliyopita) inaonyesha 0, na skripti inadhani mambo ni shwari. Kijenge, Arusha

Biti 8 za chini tu ndizo zinazomfikia mzazi. 256 inakuwa 0, -1 inakuwa 255. Tumia 1 hadi 125 na uziache 126 na 127 kwa shell, ambayo pia huandika 128 na namba ya ishara kwa mchakato uliouawa: 137 ni kill -9, 139 ni kumbukumbu isiyo yake. Kwa mwanafunzi wa Njiro: kwenye xv6 hakuna ukataji huo, wait() inanakili int nzima ya xstate, na exit(256) itafika ikiwa 256.